Kwa Mdogo Wangu Aliyenibadilisha kwa Kijana wa Sundbyberg

Mpendwa mdogo wangu Idrisa,

Jana nimemwona Lasse. Nilikuwa Slussen nasubiri treni, baridi imenikaba mpaka kwenye meno, mara nasikia mtu ananiita kwa furaha. Kugeuka, namwona yule kijana wako. Amerefuka, ana begi kubwa la hoki ya barafu begani na magongo mawili yametokeza juu. Akanikumbatia. Akanipa pole ya msiba wako kwa Kiswidi chake cha haraka haraka, akasema ulikuwa mtu mwema, kisha akanieleza jinsi timu yake ya hoki inavyofanya vizuri mwaka huu. Nikamuuliza, na besiboli? Akacheka sana. "Besiboli! Nilikuwa mbovu kweli kweli," akasema. Treni yake ikaja, akaingia, akanipungia mkono kupitia dirishani.

Nimerudi nyumbani Vårby gård nimenuna hadi mke wangu Zuhura akauliza nani kanitukana. Leo ni siku yangu ya mapumziko na nimeshindwa kupumzika. Nimekaa mezani kukuandikia wewe, ambaye najua huwezi kusoma. Barua hii nitaiacha wazi, aisome anayetaka. Kila mtu anayejua Kiswahili katika Stockholm hii alijua habari zangu kabla yangu, Mtanzania, Mkenya, Mkongo, wote. Basi na hii nayo waijue.

Huyo mcheza hoki ndiye uliyenibadilisha naye, Idrisa. Mimi, kaka yako, tumbo moja.

Unakumbuka mchezo huu ulivyotuingia? Nilikuja huku miaka ya sitini ikielekea ukingoni, nimeletwa kusomea ufundi wa umeme, na darasa la Kiswidi lilikuwa limejaa watu wa kila aina. Waafrika tulikaa nyuma, na pamoja nasi walikaa wale Wamarekani waliokimbia jeshi lao wasipelekwe Vietnam. Mmoja wao alikuwa Raymond, mrefu, mpole, mwenye viatu vya kiangazi hata kwenye theluji. Siku ya kwanza jua lilipotoka alileta mpira mdogo mgumu na glavu mbili za ngozi, tukasimama kwenye nyasi nyuma ya shule. Akanirushia, nikadaka. Nikamrudishia, glavu ikamtoka mkononi. Akauliza nimejifunza wapi kurusha namna ile. Nikamwambia, "Nyumbani tu."

Sikutaka kumwambia kwamba nimejifunza kwenye rede, mchezo wa wasichana. Mwanamume mzima nitaanzaje? Nyumba yetu ya Muheza ilikuwa na dada wanne, mimi na wewe, na dada wakitaka kucheza rede walihitaji mtu wa upande wa pili wa kurusha ule mpira wa matambara kumlenga aliye katikati. Mtu huyo nilikuwa mimi, miaka nenda miaka rudi. Siri hiyo niliitunza vizuri Stockholm mpaka ulipofika wewe. Siku yako ya kwanza uwanjani, hata begi hujafungua, ukaieleza timu nzima ya besiboli aliyoiunda Raymond kwa Kiingereza chako kizuri, ukaonyesha na jinsi nilivyofunga kanga ya mama kiunoni nisichafue kaptula. Mwangi, yule Mkenya wetu wa Nyeri, alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaanza kubisha kwamba mchezo wenyewe hauitwi rede, unaitwa kati. Mkabishana hadi giza. Nilikukasirikia siku ile pia, lakini ilikuwa hasira tamu.

Wewe kurusha hukuweza. Kupiga hukuweza. Ukikimbia kutoka kituo kimoja kwenda kingine ulikuwa ukigeuka nyuma kutazama mpira uko wapi, na hapo hapo unakamatwa. Lakini kichwa ulikuwa nacho. Nani asimame wapi, nani apumzike, mpigaji yupi wa upande wa pili hapendi mpira wa chini, hayo uliyaona kabla ya Raymond mwenyewe. Nilijivuna nawe. Sijui kama niliwahi kukuambia, kwetu mambo hayo hayasemwi, lakini nilijivuna.

Halafu yale magazeti. Mama yake Raymond alikuwa akimtumia kurasa za michezo kwa posta, zimekunjwa, zimechelewa wiki kadhaa, na wewe ukazisoma kama mtu anayesoma barua ya mchumba. Mimi nilidhani baridi ikianza mchezo umelala. Kumbe kwa Wamarekani ndipo kelele zinapoanza: nani anauzwa, nani anabadilishwa kwa nani, timu gani ina chipukizi watatu ambao hawajacheza mechi moja ya maana lakini wanasifiwa kama bwana harusi. Jumamosi tulikaa kwangu, Zuhura anakaanga sambusa, nje giza limeingia mchana mchana, nasi tunagombana juu ya watu wa miji ambayo hatutaiona.

"Kaka, huyu mkongwe atakupa nini mwaka kesho?" ulikuwa ukiuliza.

"Atakupa alichokupa mwaka jana."

"Atakupa pungufu. Huyu kijana anaweza kukupa miaka kumi."

"Anaweza. Anaweza pia asikupe hata chai."

Raymond alikuwa akicheka tu. Yeye alisema mkongwe anakufungisha mechi taratibu na kijana anakufungisha haraka, kwa hiyo meneja achague anataka kuumwa kichwa kwa namna gani. Wewe siku zote ulichagua kijana. Na ulikuwa na kauli yako nyingine, uliirudia sana, kwamba mchezaji akisikia jina lake kwenye tetesi mara tatu afungashe mizigo, biashara imekwisha. Mimi nilibisha. Nilisema tetesi ni tetesi, watu wanahitaji cha kuzungumza wakati wa baridi. Hatukukubaliana hata siku moja, na sambusa zikiisha tulihamia kwenye siasa.

Lakini nakupa haki yako, adabu ulikuwa nayo, tena adabu ya kupitiliza. Hata uliposhika umeneja, Raymond aliporudi kwao baada ya serikali yake kuwasamehe waliokimbia vita, hukuacha kunisalimu kama inavyopasa. Timu imepangwa, mwamuzi anasubiri, meneja anakuja mpaka pale katikati ya uwanja nilipo, anavua kofia: "Shikamoo kaka." "Marahaba." Ndipo unaniambia nirushe wapi. Waswidi wakadhani ni sehemu ya sheria za mchezo. Wengine wakaanza kumwamkia mwamuzi.

Adabu hiyo ndiyo iliyonimaliza. Nitalisema sasa, maana sijawahi kulisema.

Unaijua bastu, kile chumba cha mbao chenye joto la kutoa jasho. Baridi ikianza, mazoezi yetu yalikuwa ndani ya ukumbi wa shule, na yakiisha kila mtu anavua nguo zote anaingia bastu. Mle ndani ndimo timu ilimoishi. Waswidi ambao wiki nzima hawakuambii hata jina la mtoto wao, ukiwaweka uchi kwenye joto wanasema yote. Sasa sisi wawili tungefanyaje? Mtu na kaka yake, hawana hata uzi mwilini, benchi moja? Tangu mwanzo tulipeana zamu bila hata kuzungumza. Wiki hii unaingia wewe, mimi nakaa nje, wiki ijayo naingia mimi. Raymond alidhani tumegombana, mpaka Mwangi akamweleza kwamba huku ndiko kupendana.

Ulipokuwa meneja nilikuambia, ingia wewe kila wiki. Mambo ya timu yanaamuliwa mle, meneja hawezi kukosa. Ukabisha kidogo kwa adabu zako, nikakusukuma kifuani, ukaingia. Tangu siku hiyo mimi nilioga, nikavaa koti, nikakaa kwenye benchi la ukumbini na begi miguuni kusubiri turudi pamoja. Nilisikia vicheko kupitia mlango wa mbao. Nilikuachia nafasi yangu kwenye joto, Idrisa, nawe ukaitumia kujadili nani anichukue.

Maana ndimo mambo yalimopikwa, sivyo? Meneja wa ile timu ya Sundbyberg alikuwa akija kufanya mazoezi nasi kwa sababu ukumbi wao ulikuwa na ukarabati. Wao walikuwa na vijana wengi na hawana mtu wa kurusha anayejua anachofanya. Sisi tulikuwa na mimi. Mkakaa mle uchi mkapima: mkongwe mwenye bega linalouma upande huu, upande ule Lasse, miaka kumi na saba, mkono kama fimbo ya mjeledi, na juu yake binamu yake, ambaye nilikuja kujua kwamba alikuwa anakuja mazoezini kwa sababu yeye ndiye mwenye gari. Kijana mmoja na dereva wake. Hiyo ndiyo bei.

Nami nikiwa nje ya mlango, nimejifunga skafu, kwa heshima yako na yangu.

Halafu tetesi zikaanza. Mkeo Mwanaidi alikuja kutoka Fittja kumsaidia Zuhura kukunja mashuka kule chini kwenye chumba cha kufulia, na katikati ya mashuka akauliza, "Hivi shemeji bega lake likoje? Hajachoka na mpira huu?" Zuhura akanipa habari. Nikasema bega liko salama, mwambie ahsante kwa kuuliza.

Baada ya hapo akaja Mwangi. Jumapili, ametoka kanisani, suti na yote. Akanywa chai vikombe vitatu hajasema kitu, mpaka alipokuwa anavaa viatu mlangoni.

"Sikiza, mzee," akasema. "Mimi sitaki kuingilia maneno ya ndugu. Lakini kama ingekuwa ni mimi, ningeongea na Idrisa."

"Kuhusu nini?"

"Si uongee tu na yeye."

"Kuna nini, Mwangi?"

"Hakuna kitu. Mimi nimeenda. Mungu awabariki." Akateremka ngazi kama anafukuzwa.

Na baada ya Mwangi, binti yangu Rehema, ambaye siku hizo alikuwa amekataa kabisa kujibu Kiswahili. Alitoka kucheza kwako na wanao, akasimama mbele yangu na buti za theluji. "Pappa, ska du byta lag?" Baba, unahama timu? Nikamuuliza kasikia wapi. Akainua mabega. Nikamwambia ni tetesi tu, avue buti, anachafua zulia.

Mara tatu. Kwa kauli yako mwenyewe nilipaswa kufungasha. Lakini mimi nilikuwa nimekaa miaka na Raymond na magazeti yake, nimezoea kwamba majira ya baridi watu hupiga domo. Haikunijia akilini, naapa haikunijia, kwamba hawa hawakuwa wapiga domo. Walikuwa wajumbe. Uliwatuma! Ulikuwa unafanya kile ambacho mdogo mtu hufanya kwetu anapokuwa na neno zito kwa mkubwa wake: halisemi yeye, anatafuta mtu wa kulipeleka kwa upole, na mkubwa akilipokea anaita kikao. Ulingoja niite kikao. Mimi nilingoja uje. Wewe ulikuwa Muheza, mimi nilikuwa nimeshakuwa Mmarekani wa magazetini, na Sweden nzima ipo katikati yetu inakunywa kahawa.

Hilo nimelielewa baadaye. Siku yenyewe sikuelewa chochote. Mwanaidi alikuja tena, Jumamosi, na vitumbua kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, na bahasha.

"Shemeji, mdogo wako anakusalimu sana."

"Yuko wapi?"

"Yupo nyumbani. Ana mafua."

"Na hayo mafua yamemshika vidole? Hawezi kupiga simu?"

Maskini, hakuwa na kosa. Machozi yalimlengalenga na koti hajalivua. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi ya uhamisho, timu zote mbili zimeshaweka sahihi, imebaki yangu, kwa sababu huku mchezaji hahamishwi kama gunia, lazima akubali mwenyewe. Zuhura akanivuta jikoni, akaninong'oneza nisifanye jambo kwa hasira, nimsubiri Idrisa apone aje. Nikarudi sebuleni nikasaini pale pale kwa hasira. Nilikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Vitumbua vyako sikuvigusa. Zuhura alivila, akasema vina iliki ya kutosha.

Ningekataa, ungefanya nini? Hilo nalo linaniudhi. Ulikuwa na hakika sitakataa, kwa sababu kaka mtu hawezi kumwaibisha mdogo wake mbele ya watu aliokwisha kuwapa neno. Uliitegemea heshima yangu, na ya kwako ukaifanya kisingizio cha kutokuja.

Watu wa Sundbyberg walikuwa watu wema. Wananyamaza, wanakunywa kahawa, hakuna anayekutania. Hakuna aliyenisalimu akavua kofia. Nilirusha vizuri kiangazi kile kuliko nilivyopata kurusha maishani. Nilirusha kwa kisirani, ndiyo dawa pekee iliyonipoza bega. Na siku ya mechi yetu nanyi, pale uwanja wa karibu na maji, upepo baridi ingawa jua lilikuwa kali, nilikuona umekaa kwenye benchi kofia imeshuka hadi machoni, na mbele yako Lasse.

Nitakuwa mkweli juu ya Lasse. Mkono ulikuwepo. Mpira ulipiga mluzi ukitoka. Lakini hakuna aliyejua unakwenda wapi, na yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho kujua. Mmoja ulimpata mwamuzi kwenye bega, mzee wa watu akaomba maji. Nilimtazama nikajua kinachomsumbua, mguu wake wa mbele ulitua vibaya, umefunguka nje, kosa dogo ambalo dada yetu mkubwa alinirekebisha nikiwa na miaka minane. Kiganja kiliniwasha kwenda kumwonyesha. Hakuna wa kumwonyesha kwenye timu yako, maana wa kumwonyesha ulikuwa umemtoa ili umpate yeye. Nani hufanya hesabu ya namna hiyo?

Tukawashinda vibaya. Mwisho timu zikapita kupeana mikono kwa mstari, nawe ukafika. "Shikamoo kaka," ukasema, macho kwenye viatu vyangu. "Marahaba." Sikuuachia mkono wako. Nilisubiri. Watu nyuma yako wakawa wanasukumana. Midomo yako ilifunguka, nikasema sasa, sasa linakuja.

"Umerusha vizuri," ukasema.

Nikakuachia. Mwanaidi akaniletea chai ya tangawizi kwenye chupa, kutoka kwako, umbali wa hatua chache ambazo ulishindwa kuzitembea.

Kiangazi hakikwisha kabla Lasse hajaenda kwenye hoki, na yule binamu akaenda na gari lake. Mkabaki bila mrushaji. Nikasikia Mwangi ndiye anayerusha sasa, namna ya mtu anayewatupia kuku mahindi. Nikamwambia Zuhura, atakuja. Hana njia nyingine, atakuja kuniomba nirudi. Baridi ikaanza, magazeti hayapo tena, Raymond hayupo, sambusa tunakula peke yetu. Kwenye Idi mlikuja wote, ukanisalimu, ukacheza na Rehema, ukamsifu Zuhura kwa pilau. Ukaondoka.

Mwaka uliofuata bega langu likakataa kabisa, na wewe ukaanza kuchoka. Tulidhani ni kazi. Ilikuwa ini. Ukalazwa majani yakiwa bado ya kijani, na yalipokwisha kuanguka ukawa hutoki tena kitandani. Nilikuja kila nilipotoka kazini. Siku moja tulikuwa wawili tu, Mwanaidi amekwenda kuwachukua watoto, mwanga mzuri wa mchana umeingia mpaka kwenye shuka.

"Kaka," ukasema.

"Naam." Nikasogeza kiti.

Ulinitazama. Nilijua unachokitafuta, nikakuacha ukitafute, sikutaka kukukatiza.

"Bega linaendeleaje?"

"Lipo."

"Usilipuuze na baridi hii."

Muuguzi akaingia na dawa. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kuzungumza jambo lililolikaribia lile.

Sasa nikuambie kilichonitia wazimu. Baada ya arobaini yako, Mwanaidi alikaa na sisi jioni, akasema ana neno ambalo hataki kubaki nalo. Majira yale ya baridi, kabla ya karatasi, ulikuwa unavaa koti baada ya kazi unasema unakwenda kwa kaka. Unapanda treni Fittja, unashuka Vårby gård. Unasimama pale kituoni. Halafu unapanda treni ya kurudi. Si siku moja. Alidhani tumekwisha kuzungumza, mpaka Zuhura alipomwambia kwamba hukuwahi kufika.

Mwanaidi alidhani habari hiyo itanituliza. Alinipa kama zawadi, kunionyesha kwamba uliteseka, kwamba ulinipenda. Nilitoka nje nikazunguka majengo yote, theluji inaingia kwenye viatu, nikikutukana kwa sauti. Mswidi mmoja na mbwa wake walivuka barabara. Ungekuwa hukunijali, ningekuelewa! Meneja kauza mkongwe, kakosea, basi, hutokea kila mwaka. Kwamba Lasse hakuwa kitu, hilo nimekusamehe zamani. Kuwapima vijana ni kubahatisha, hata mimi ningekosea. Lakini ulishuka kituoni kwangu, Idrisa. Ulikuwa unaona taa ya jikoni kwangu kutoka pale.

Na kuna jambo ambalo hukulijua, nimelibeba peke yangu na Zuhura. Kabla ya Mwanaidi kuuliza habari za bega, kabla ya Mwangi na suti yake, nilikuwa nimemwambia Zuhura kwamba nimechoka. Bega halikuwa salama hata kidogo. Asubuhi nilikuwa siwezi kuinua mkono kuvaa shati, yeye ndiye alikuwa akinivalisha. Nikamwambia, Idrisa akipata kijana wa kurusha, nampisha. Nakaa naye kwenye benchi mpaka akomae. Nilingoja useme wewe kwanza, kwa sababu wewe ndiye meneja, sikutaka watu waseme timu inaendeshwa na kaka yake. Usianze kunijibu kwamba na mimi nilikuwa na mdomo. Zuhura ameshaniambia, na kwa maneno makali kuliko utakayoyapata wewe.

Mwangi anataka nirudi niishike timu masika yakifika. Sijamjibu. Nikiingia ule ukumbi wa shule na kuona mlango wa bastu nadhani nitaupiga teke.

Nimeandika nikidhani hasira itapungua, na haijapungua. Watu wa hapa wananiambia muda unaponya, wanasema hivyo huku wanatazama saa. Mimi naona muda unaniongezea tu nafasi ya kufikiri. Kila nikishuka pale kituoni natazama yale mabenchi nakisia ulikaa lipi. Natazama ile njia ya kuja kwangu. Ni fupi, hata sigara mtu hamalizi. Mlango haukuwa na ufunguo kwako. Ungeingia, ungevua viatu, ungesema kwa sauti yoyote, hata ya kutetemeka, "Kaka, nataka kumpa kijana nafasi yako."

Ningekuuliza anaitwa nani, na nije siku gani kumfundisha.

Lala salama, mdogo wangu. Mungu akupe nafasi pana huko, mimi bado nimekununia.

Kaka yako